Mia Hadi Tao, na Zile Ambazo Makanga Hakutajii: Mwongozo wa Kuhesabu Usafiri Nairobi

Makanga, yaani kondakta wa matatu, akipaza sauti "mia tao, mia tao," shilingi mia hadi katikati ya jiji, hajakudanganya, ila hajakumalizia hesabu. Hiyo mia ni ya kiti chake tu. Hamna ndani yake nduthi (bodaboda) iliyokutoa mlangoni hadi barabarani, wala gari la pili utakalopanda ukishuka katikati ya jiji, wala ile bei nyingine atakayoitaja jioni wingu likitanda upande wa Ngong. Mimi naishi Rongai na kazi yangu iko Westlands. Kwa muda mrefu niliapa kwamba usafiri unanila shilingi elfu tano kwa mwezi. Siku niliyokaa na kalamu nilikuta ni karibu mara mbili.

Mwongozo huu ni wa anayehamia Nairobi, anayebadilisha mtaa au kazi, na yule ambaye ameanza kupunguza mwendo kila akipita yadi za magari za Ngong Road. Bei nilizoweka ni za kupigia hesabu. Nauli za matatu hazipangwi na serikali. Kila sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, hupanga zake, na asubuhi si jioni. Chukua njia ya kuhesabu, kisha weka namba za mtaa wako.

Hatua ya 1: Ikate safari vipande

Kwa wiki moja andika kila shilingi, kipande kwa kipande. Usiandike "fare 200". Andika ulitoka wapi, ukapanda nini, saa ngapi, ukalipa ngapi. Yangu ilikuwa hivi.

Asubuhi: nduthi hadi steji 50, matatu Rongai hadi tao 100, gari la Westlands 50. Jioni: Westlands hadi tao 50, tao hadi Rongai 150, nduthi hadi nyumbani 50. Jumla 450 kwa siku. Zidisha kwa siku 22 za kazi upate 9,900.

Sasa itazame vizuri. Ile safari kubwa ya Rongai na tao, ambayo ndiyo peke yake niliyokuwa nikiihesabu, ni 5,500. Zile hamsini hamsini nne, ambazo nilikuwa nazitoa mfukoni kama peremende, ni 4,400. Ndiyo maana nyumba ya kodi nafuu iliyo ndani kabisa, nduthi kwenda na nduthi kurudi, inaweza kukugharimu kuliko ile ya bei ya juu kidogo iliyo hatua mia tatu kutoka lami. Kabla ya kulipa diposti ya nyumba, tembea kwa miguu kutoka mlango wake hadi steji. Fanya hivyo siku ya kazi, na ikiwezekana siku ya matope. Ajenti atakuambia "ni dakika tano tu". Dakika tano za ajenti wa nyumba zina urefu wake.

Hatua ya 2: Jifunze steji kabla ya kujifunza bei

Namba za njia ni za zamani na bado zinatumika hata pale gari lenyewe halijaziandika: 125 na 126 ni Rongai na Kiserian, 111 ni Ngong, 46 ni Kawangware, 23 ni Kangemi, 44 Kahawa West, 45 Githurai, 58 Buruburu, 33 Embakasi, 110 Kitengela, 237 Thika. Ukimuuliza mtu "Rongai zinapakia wapi?" atakuelekeza Railways. Za Kawangware zinazopita Yaya utazipata Kencom, na za kuelekea Westlands na Kangemi uangalie upande wa Odeon. Steji huhamishwa mara kwa mara kwa amri ya kaunti, halafu hurudi zenyewe kimyakimya, kwa hivyo muulize muuza njugu au askari wa mlangoni badala ya kutegemea ramani ya simu.

Tofauti ya gari na gari kwenye njia ileile ni pesa. Nganya, yaani lile lenye michoro, muziki na taa za disko, mara nyingi hutoza zaidi na hukimbia zaidi. Basi la sacco lenye watu wa sare huenda polepole, lakini nauli yake haibadiliki sana mkiwa njiani. Mimi nina umri wa kupenda la pili. Kijana wangu wa nyumbani ananicheka.

Tangu mwaka 2011 matatu hazina ruhusa ya kufanya kazi bila kuwa ndani ya sacco au kampuni. Faida yake kwako ni kwamba gari lina jina ubavuni na ofisi mahali fulani. Ukisahau mkoba, jina hilo na namba ya gari ndivyo vitakavyokusaidia. Mimi huzisoma kabla ya kupanda.

Tahadhari moja ya steji: gari linaloonekana limejaa, limebakisha viti viwili tu, huenda limejaa watu wa kukodiwa. Ukishapanda, wanaanza kushuka mmoja mmoja, na wewe unabaki kungoja nusu saa. Hawana mizigo, hawaangalii simu, na wamekaa pembeni tayari kuinuka. Ukiwaona hivyo, na dereva hayuko kwenye usukani, tafuta gari lingine.

Hatua ya 3: Nunua saa, si kiti

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo. Kiti ni kilekile, dereva ni yuleyule, lakini bei ya saa 12 asubuhi si ya saa 1 na nusu, na ya saa 8 mchana inaweza kuwa nusu ya ile ya saa 12 jioni. Sababu yake si roho mbaya ya makanga peke yake. Jioni gari linajaa kwenda Rongai na kurudi tao tupu, na likikwama kwenye jam ya Langata Road linapoteza raundi nzima. Mmiliki anataka hesabu yake ya siku hata kama jam imekula raundi mbili, kwa hivyo abiria wa upande uliojaa ndiye anayelipia upande mtupu.

Ukilijua hilo utajua pia pa kujitoa. Mimi nikitoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri nalipa 80 badala ya 100. Nikikaa Westlands nikimalizia kazi hadi saa 2 usiku, ile 150 inashuka hadi 100. Ni 70 kwa siku, au 1,540 kwa mwezi, na dakika arobaini za jam ambazo hazina bei. Si kila mtu ana nafasi hiyo. Mama mwenye mtoto wa kuchukua shuleni hawezi kukaa ofisini hadi usiku kwa sababu ya shilingi hamsini, na huyo aokoe kwenye vipande vingine.

Kuna siku ambazo bei hupanda hata ukijipanga: mvua, wiki ya kufungua shule, mkesha wa sikukuu. Mvua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hupandisha zote pamoja, matatu, nduthi na teksi, saa hiyohiyo. Kwa msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Disemba weka akiba ya mvua. Mimi hutenga 1,000 kwa mwezi. Mwezi ukiwa mkavu, hiyo ni nyama choma.

Tarehe nyingine ya kukariri ni 14. Siku hiyo kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei za mafuta zitakazoanza kutumika usiku huo hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Petroli ikipanda, nauli hupanda kesho yake. Ikishuka, nauli hujifanya haijasikia habari.

Hatua ya 4: Lipa kwa akili

Uliza nauli ukiwa bado chini. "Rongai ngapi?" inatosha. Ukishakaa na gari likaondoka, umekubali chochote kitakachotajwa. Gari likiwa na kibao cha bei kwenye kioo cha mbele, kisome mwenyewe, maana hubadilishwa upesi sana.

Kadi za kulipia nauli zilijaribiwa kwa kishindo mwaka 2014 zikafa, na leo ni kesh au M-Pesa. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, kisha umwonyeshe makanga ujumbe wa kuthibitisha. Wakati mmoja nilituma nauli kwa namba iliyobandikwa kwenye kiti cha mbele yangu, kumbe ilikuwa ya makanga aliyekwisha kuacha kazi. Nikalipa mara mbili, na gari zima likanitazama kama mtu aliyejaribu kuhepa.

Ukilipa kwa kesh beba noti ndogo. Ukitoa 500 asubuhi utaambiwa "ngoja change," na change hungojewa hadi steji ya mwisho. Idai mapema na kwa upole: "Kondaa, usisahau mia nne yangu." Ukisema hivyo kwa sauti ya kusikika, abiria wawili watatu wanakuwa mashahidi wako. Usishuke bila change, kwa sababu mlango ukifungwa mjadala umekwisha.

Simu isikae dirishani, hasa gari likiwa limesimama kwenye mzunguko.

(Neno matatu lenyewe ni nauli. Wazee husimulia kwamba lilitokana na sarafu tatu za senti kumi, yaani senti 30, zilizotosha kukusafirisha enzi hizo. Sisi tumebaki na jina.)

Hatua ya 5: Nduthi, kipande kifupi chenye bei ndefu

Ukipiga hesabu kwa kilomita, bodaboda ndiyo usafiri wako ghali kuliko yote ya kila siku. Hamsini kwa kilomita moja ni karibu mara kumi ya kile unachomlipa mtu wa matatu kwa kilomita hiyohiyo. Usiiache, lakini ipange.

Jambo la kwanza ni kuwa na mtu wako. Chagua dereva mmoja wa steji ya karibu, asiyekimbia, na uhifadhi namba yake. Bei mpatane mara moja tu. Mgeni mazungumzo yake huwa hivi: "Boss, mpaka pale kanisani ni ngapi?" "Mia." "Nimezoea hamsini." "Haya, panda." Anayejulikana hapotezi muda huo, na usiku wa mvua huyo ndiye atakayekuja hadi getini.

La pili ni helmeti. Sheria inataka dereva na abiria wavae, na abiria awe mmoja. Ya kuazimwa huwa imepita vichwa vingi na kamba yake imekatika, kwa hivyo ukipanda kila siku nunua yako. Kinachomponza abiria ni haraka yake mwenyewe; ukimwambia dereva "fanya haraka nimechelewa," umemnunulia ruhusa ya kupita kushoto kwa lori.

La tatu ni miguu. Chini ya kilomita moja na nusu, mchana, tembea. Nikitembea jioni tu, nduthi nikaiachia asubuhi, naokoa 1,100 kwa mwezi. Nairobi ni mji wa watembea kwa miguu ingawa barabara zake nyingi zimejengwa kana kwamba hawapo. Kutoka tao hadi Westlands ni kama kilomita nne kupitia Museum Hill, na jioni ya Ijumaa nimefika kwa miguu kabla ya gari nililoliacha steji.

Hatua ya 6: Chungulia reli

Watu wengi wanaoishi hatua chache kutoka reli hawajawahi kupanda treni. Treni za abiria hutoka stesheni kuu ya Nairobi kuelekea Syokimau, Embakasi, Ruiru, na upande wa Kikuyu na Limuru. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na Githurai treni hupita katikati ya soko, wachuuzi wakivuta nyanya zao pembeni na kuzirudisha ikishapita. Nauli haipandi kwa sababu ya mvua, na hakuna jam kwenye reli.

Kasoro yake ni ratiba. Zimepangwa kufuata saa za kazi, asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka, kwa hivyo ukiikosa umeikosa. Husongamana pia. Kama unakaa karibu na stesheni na unaingia kazini saa za kawaida, ijaribu kwa wiki moja kisha ulinganishe na daftari lako la hatua ya kwanza. Sisi wa Rongai hatuna reli ya kutufaa, kwa hivyo naliacha hapo.

Hatua ya 7: Teksi za mtandaoni

Uber ilifika Nairobi mwaka 2015, na sasa kuna Bolt, Little na nyinginezo. Fungua mbili au tatu kwa wakati mmoja ulinganishe. Bei ikiwa juu mvua inaponyesha, ingia mahali unywe chai. Dakika ishirini huweza kuishusha sana.

Dereva atakupigia simu: "Unaenda wapi? Unalipa kesh?" Akisikia bei ya programu atasema "ongeza kidogo." Mwaka 2024 madereva wengi walikwenda mbali zaidi, wakatembea na karatasi zao za bei garini. Malalamiko yao yana msingi, kwani mafuta, mkopo wa gari na makato ya kampuni humbakishia mtu kidogo. Lakini amua kabla hajafika. Kama hutaki kuongeza, mwambie kwenye simu na uache safari ifutwe, usingoje mgombane barabarani na mizigo ikiwa butini.

Zitumie pale zinapolipa: watu watatu wanaoelekea sehemu moja, mzigo, mgonjwa, usiku wa manane, au uwanja wa ndege. Kwa uwanja wa ndege wa JKIA mchana, bila mzigo mwingi, matatu ya namba 34 bado ipo na ni sehemu ndogo sana ya bei ya teksi.

Hatua ya 8: Kabla ya kununua gari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Chukua safari yangu ileile, kilomita kama 50 kwenda na kurudi, na gari dogo la injini ya 1300 lililonunuliwa kwa shilingi 800,000. Kwa jam yetu tuseme linakwenda kilomita 12 kwa lita, na petroli tuifanye 180 ili hesabu iwe rahisi. Hiyo ni kama 750 kwa siku, 16,500 kwa mwezi. Ongeza parking 300 kwa siku, 6,600. Bima kamili tuseme 40,000 kwa mwaka, yaani 3,300 kwa mwezi. Service kila kilomita 5,000, kama 1,800 ukiigawa kwa mwezi. Tairi, balbu na lile shimo la mtaani litakalokuvunjia kitu, 2,000. Kuosha, 1,200. Jumla ni 31,400, na gari lenyewe linazeeka. Likipoteza 80,000 kwa mwaka, ongeza 6,700. Unakaribia 38,000 kwa mwezi kufanya kazi ambayo matatu na nduthi zilifanya kwa 9,900.

Sijahesabu Expressway. Ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ni tamu, lakini Januari 2024 tozo ya gari dogo kwa urefu wake wote ilipanda kutoka 360 hadi 500. Kwenda na kurudi ni 1,000 kwa siku. Itumie siku ya ndege au ya mahojiano ya kazi. Pikipiki na tuktuk haziruhusiwi huko.

Kwa hivyo gari ni ujinga? Hapana. Linaanza kujitetea pale linapofuta nauli za watu wengi. Mkiwa mke na mume mnaofanya kazi upande mmoja, hiyo ni 19,800. Mkiwa na watoto wawili wa basi la shule kwa 6,000 kila mmoja, mnafika 31,800, na hapo mmeifikia ile 31,400 ya kuliendesha, kabla ya kuhesabu kuzeeka kwake. Lakini kuwabeba majirani kwa malipo ni jambo jingine: gari la binafsi halina kibali wala bima ya kubeba abiria wa kulipa, na ajali ikitokea kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukukimbia.

Ukishaamua, fuata mpangilio huu. Kwanza tafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen, upande wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), kabla ya kulipa hata shilingi ya kuonyesha nia. Jina la benki au mkopeshaji likiwa pamoja na la muuzaji, gari hilo bado lina deni. Mimi niliruka hatua hii kwa sababu muuzaji alikuwa mtu wa kanisani. Ilinichukua miezi minne kupata logibuku, ile hati ya umiliki, na nilimalizia deni ambalo sikulikopa.

Pili, linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya karatasi. Tatu, nenda na fundi wako, siyo wa yadi, na ulikague likiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto huficha mambo. Nne, mpe muuzaji pesa ya mwisho pale tu uhamisho wa umiliki umeanzishwa kwenye mfumo na wewe umeukubali. Na kama unaagiza kutoka Japani, kumbuka gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Kodi za bandarini zihesabu mapema, kwa sababu huweza kuikaribia bei ya gari lenyewe.

Langu ninalo bado. Jumamosi hutoka kwenda sokoni, na Jumapili hutubeba sote kanisani. Jumatatu saa 11 na nusu huwa limelala chini ya mwarobaini, nami niko steji nikimuuliza makanga: "Tao ngapi leo?"